Gari-nyumba letu tulijaze maji wapi, na uchafu wa choo tuumwage wapi?

Swali

Mimi na mzee wangu tunaishi Kasarani na tuna watoto wawili wa shule ya msingi. Tulinunua basi dogo la viti 25 na sasa tunaligeuza kuwa gari-nyumba lenye vitanda, jiko, sinki, bafu dogo na choo, kwa nia ya kusafiri wiki 4 mwezi wa Desemba: Naivasha, Nakuru, Nyahururu, Nanyuki, Isiolo, Marsabit, hadi Loiyangalani. Fundi anataka kutufungia tangi la choo la lita 150 chini ya sakafu, kama aliloliona kwenye video za Marekani. Nilipomuuliza tutalimwaga wapi, alinijibu kwamba mtaro haukosekani. Jibu lile limeninyima usingizi. Je, tangi hilo tulikubali? Maji safi tutajaza wapi, na ya choo tutayapeleka wapi?

Jibu

Dada yangu, tangi hilo msilikubali. Mwambie fundi asimamishe kazi ya choo leo hii, kabla hajatoboa sakafu, kwa sababu kasoro ya tangi la namna hiyo haionekani gereji. Inaonekana siku ya nne au ya tano ya safari, tangi likiwa limejaa, watoto wamelala, na hakuna mahali katika njia mliyopita palipojengwa kulipokea. Nimefanya kazi ya maji na usafi wa mazingira hapa Nairobi kwa miaka mingi, na mara kwa mara huitwa na wenye kambi kuwashauri juu ya vyoo vyao, ila kwa kawaida huitwa mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Wewe umeuliza mapema, wakati kila kitu bado kinaweza kurekebishwa kwa bei ndogo, na ndiyo maana nitakujibu kwa urefu.

Tangi la lita 150 lina maana huko lilikotoka. Marekani magari-nyumba ni mengi, na kambi nyingi pamoja na baadhi ya vituo vya barabara kuu zina sehemu maalumu ya kumwagia: sakafu ya saruji iliyoinama, tundu lenye mfuniko lililounganishwa na bomba la maji taka, na mfereji wa kusafishia pembeni. Dereva anaegesha, anaunganisha mpira mnene wa inchi 3, anavuta vali, na tangi linajimwaga lenyewe kwa kuwa liko juu ya tundu. Ufaransa na Ujerumani miji mingi, hata midogo, imetenga maegesho ya magari haya yenye mfereji wa maji ya kunywa upande mmoja na mahali pa kumwagia upande wa pili. New Zealand, kwa sheria ya mwaka 2023, gari haliwezi kupewa cheti cha kujitosheleza, yaani cha gari linalobeba lenyewe maji na uchafu wake, kama halina choo kilichofungwa imara ndani yake. Hayo yote yanawezekana kwa sababu tundu lilichimbwa kwanza, kisha gari likatengenezwa lilingane na tundu hilo.

Katika barabara mtakazopita ninyi, sijakuta hata sehemu moja ya umma ya aina hiyo. Mtakachokuta ni choo cha shimo, tangi la septiki, bayodaijesta (tangi ambamo bakteria humeng'enya uchafu), na ndani ya miji michache, choo cha kuvuta kilichounganishwa na bomba la maji taka. Vyote hivyo vina mlango mmoja tu wa kuingizia uchafu, nao ni tundu la choo lenyewe, ambalo liko ndani ya kibanda chenye mlango mwembamba, mara nyingi hatua 40 kutoka pale gari linapoweza kuegeshwa. Basi lenu halitafika hapo, na mpira wa inchi 3 hautafika hapo. Kinachoweza kufika ni chombo ambacho mtu mzima mmoja anaweza kukibeba kwa mkono, na ushauri wangu wote kuhusu choo chenu unatoka hapo.

Chombo hicho kipo, na kinaitwa kaseti. Ni tangi dogo la plastiki, kwa kawaida la lita 17 hadi 20, linalokaa chini ya kiti cha choo na kuchomolewa kupitia mlango mdogo ulio ubavuni mwa gari. Kuna pia choo cha kubebeka cha vipande viwili, kisichohitaji kutoboa gari mahali popote: kipande cha juu kina maji ya kuvutia, cha chini kinapokea. Kwa familia ya watu wanne, kaseti moja ya lita 20 itajaa kwa siku moja au moja na nusu mkiitumia kwa kila haja, kwa hiyo nunueni kaseti mbili, na mchana mtumie vyoo vya vituo vya mafuta, vya hoteli na vya kambi, ili kaseti ibaki kwa ajili ya usiku na kwa ajili ya barabara tupu. Lita 20 ni kilo 20. Huo ndio uzito wa mtungi wa maji ambao kila mtu wa Nairobi amewahi kuubeba siku ya mgao, na hauhitaji mashine.

Kuimwaga kuna utaratibu wake, na inafaa uufanyie mazoezi kwa maji matupu kabla ya safari. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, za rangi ambayo hamtumii jikoni. Zungusha shingo ya kaseti ielekee nje, fungua kifuniko, na ukiweke kifuniko mahali ambapo hakitaviringika. Juu ya kaseti, karibu na mkono wa kushikia, kuna kitufe kidogo cha hewa: kibonyeze kwa kidole gumba muda wote unapomimina. Asiyekibonyeza anasikia uchafu ukigugumia shingoni na kumrukia miguuni, kwa sababu hewa inatafuta kuingia kwa njia ileile inayotokea uchafu. Mimina polepole, shingo ikiwa karibu na tundu. Tia maji lita 2, funga, tikisa, mimina tena. Rudia mpaka yatoke bila rangi. Mwisho suuza pembezoni mwa tundu la mwenyeji na ukague sakafu yake, maana yule atakayeingia baada yako hana habari kwamba ulipita hapo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu wengi hulipuuza, nalo ni dawa inayotiwa ndani ya kaseti. Dawa za zamani za vyoo vya aina hii, nyingi zikiwa za rangi ya samawati, zinazuia harufu kwa kuua bakteria. Zikimwagwa kwenye bomba kubwa la jiji huzimuliwa na maji mengi, lakini tangi la septiki na bayodaijesta havina siri nyingine ya kufanya kazi isipokuwa hao bakteria wenyewe. Wakifa, uchafu haumeng'enywi. Unakaa tu mpaka shimo lijae.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kambi moja nje kidogo ya Nairobi. Mwenye kambi alikuwa na bayodaijesta nzuri ambayo kwa muda mrefu haikumsumbua. Kisha ukaja msafara wa magari manne kutoka ng'ambo, na kwa siku 5 kila gari lilimwaga kaseti zake kwenye choo cha wageni. Nilipofunua mfuniko wiki mbili baadaye, maji yalikuwa ya samawati kama wino uliozimuliwa, kinyesi kimeelea bila kuvunjika, karatasi bado zina umbo lake, na badala ya ile harufu ya tope inayotoka kwenye bayodaijesta iliyo hai, kulikuwa na harufu kali ya kuwasha macho. Ilibidi lori la kunyonya maji taka liondoe kila kitu, kisha tukaleta ndoo za tope kutoka bayodaijesta nyingine ili bakteria waanze kuzaliana upya, kama mtu anavyoomba maziwa lala kwa jirani ili agandishe ya kwake. Wageni wale hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamefuata maelezo ya chupa, na chupa iliandikwa kwa ajili ya nchi yenye tundu la saruji.

Kwa hiyo tafuta dawa ya vimeng'enya au ile iliyoandikwa wazi kwamba haidhuru tangi la septiki, na usikubali yoyote iliyotajwa kuwa na formaldehaidi. Usitie Jik ndani ya kaseti hata kidogo, kwa sababu hiyohiyo. Ukikosa dawa, maji peke yake yanatosha mradi mmwage kila siku, na nikiulizwa nichague kati ya kaseti yenye harufu kidogo na bayodaijesta iliyokufa, sitasita.

Pia kuna njia ya choo kikavu, ambayo ninaipenda zaidi kwa sehemu ya kaskazini ya safari yenu. Kiti chake kinatenganisha mkojo na kinyesi: mkojo unaingia kwenye mtungi, kinyesi kinaingia kwenye ndoo yenye mfuko na kufunikwa kila mara kwa vumbi la mbao au majivu. Harufu nyingi ya choo hutokea vitu hivyo viwili vinapochanganyika, na vikitengwa, ndoo hukaa siku kadhaa bila kumkera mtu. Hakihitaji maji ya kuvuta wala dawa. Asiyeamini kwamba uchafu wa choo unaweza kuhifadhiwa kwenye chombo na kusafirishwa kwa heshima na usalama aende mtaa wa Mukuru hapa Nairobi, ambako vyoo vya Fresh Life vimekuwa vikifanya hivyo tangu mwaka 2011: chombo kilichojaa kinaondolewa, kitupu kinawekwa, na uchafu unapelekwa kiwandani kugeuzwa mbolea na lishe ya mifugo. Kwenu ninyi, mtungi wa mkojo utamwagwa kwenye choo chochote, na cha ndoo kitatiwa kwenye choo cha shimo bila ule mfuko, kwa sababu mfuko wa plastiki hauozi na ndio unaoziba mpira wa lori siku ya kunyonya.

Nirudi kwenye mtaro wa fundi wako, maana sitaki ubaki na shaka juu yake. Mitaro ya barabarani Nairobi ni ya maji ya mvua. Haielekei kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka ya Ruai, inaelekea mtoni. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi unaporomoka Fourteen Falls karibu na Thika, unaitwa Galana ukipita Tsavo, na unaitwa Sabaki ukiingia bahari kaskazini ya Malindi. Njiani kuna mboga zinazomwagiliwa, ng'ombe wanaonywa na watoto wanaooga. Katiba ya mwaka 2010, kwenye kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na haki hiyo haimlindi mtu ikiwa aliye juu yake anafungua vali usiku. Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza kumwaga uchafu kwenye vyanzo vya maji bila leseni, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ndiyo inayozisimamia. Tena mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 haujasahaulika. Lita 150 kutoka kwa familia moja yenye mgonjwa mmoja asiyejijua zinatosha kuanzisha balaa katika kijiji kinachochota maji mtoni.

Vilevile msifunue mashimo ya maji taka ya barabarani. Najua yapo, na najua mengi hayana mifuniko kwa sababu imeibwa. Lakini bomba lile ni la kampuni ya maji ya jiji, kumwaga humo kunahitaji ruhusa yake, na kando ya hayo hamwezi kujua kama shimo mlilofunua ni la maji taka au la mvua. Kama mko na mzigo mkubwa na hamna pa kuupeleka, pigeni simu kwa mwenye lori la kunyonya maji taka lenye leseni. Lori hilo linaishia kwenye mtambo wa kusafisha, na gharama yake, hata ikiwauma, ni ya haki.

Maji ya sinki na ya bafu yana lawama ndogo zaidi, ila nayo yasiachwe yatiririke chini ya gari. Yana mafuta, mabaki ya chakula na sabuni, na yakidondoka usiku kucha mahali pamoja huleta nzi na wakati mwingine nyani. Fungeni tangi la lita 100, chujeni mabaki ya chakula kwa wavu kabla hayajaingia sinki, pangusa mafuta ya sufuria kwa karatasi kabla ya kuiosha. Mkiwa kambini, ulizeni kama kuna shimo ambamo ardhi hunyonya maji ya jikoni, au migomba ya kumwagilia. Mwenyeji mwingi atawaonyesha migomba yake kwa furaha, mradi sabuni ni kidogo na hamkutumia maji ya dawa ya kufulia.

Kuhusu maji safi, kwanza kipimo. New Zealand wanaweka kiwango cha chini cha lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku 3, lakini hizo ni za kunywa na kupikia kwa shida. Familia yenye watoto, ikioga kwa kubana, itatumia lita 15 kwa kila mmoja, yaani lita 60 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 200 litawapa siku 3 na akiba kidogo. Lita 200 ni kilo 200. Fundi aliweke kati ya ekseli mbili, chini iwezekanavyo, na alitie vizuizi ndani ili maji yasiyumbe na kuliyumbisha basi kwenye kona za kushukia bonde la Ufa.

Mkijaza Nairobi kabla ya kuondoka, angalieni ratiba ya mgao ya mtaa wenu na mjaze siku ya pili ya maji, si saa ya kwanza. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, na yanasafishwa kabla ya kuletwa, lakini bomba lililokaa tupu siku kadhaa huokota kutu na tope linaloingia kwenye nyufa. Maji ya kwanza ni kahawia. Yaache yajaze ndoo za kuoshea gari.

Hapa pana hatari ambayo vitabu vya wenzetu wa Ulaya havisisitizi, kwa kuwa bomba zao hazikauki. Siku maji yatakapokatika, nenda kwenye mfereji ulio chini kabisa uani, ule unaotoka moja kwa moja kwenye bomba la barabarani bila kupitia tangi la juu ya paa. Ufungue na uweke kiganja kwenye mdomo wake. Mara nyingi utahisi ngozi ikivutwa kwa ndani, na ukisikiliza utasikia mvumo mdogo wa hewa: bomba linanyonya. Sasa fikiria mpira wa maji uliounganishwa na mfereji huo, ncha yake imezamishwa ndani ya kaseti mliyokuwa mnaisuuza. Uchafu huo utapanda mpirani, utaingia bomba la mtaa, na saa maji yatakaporudi utatoka kwenye mfereji wa jirani. Kwa sababu hiyo, ncha ya mpira isiguse kaseti kamwe. Mtie maji kwa jagi. Muwe na mpira mmoja wa maji ya kunywa pekee, uwe na rangi yake, ufungwe ncha zote mbili unapohifadhiwa, na usikae sanduku moja na glavu za choo. Mfereji wowote mtakaoukuta karibu na tundu la choo ni wa kusafishia tu, hata maji yake yakiwa maangavu kama kioo.

Kabla ya safari lisafisheni tangi jipya. Kwa Jik ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, tieni takriban mililita 290 kwenye lita 200, fungueni kila mfereji wa ndani mpaka harufu ya klorini itoke, acheni usiku mzima, kisha mwageni na msuuze mara mbili. Njiani, kila mnapojaza maji msiyoyaamini lakini yaliyo maangavu, mililita 11 au 12, kama vijiko viwili vya chai na kidogo, zinatosha kwa lita 200, na msiyanywe kabla ya nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne, kwa sababu klorini huishia kwenye tope badala ya kuua vijidudu. Ya watoto kunywa ni heri yachemshwe: dakika 1 ya kutokota inatosha hapa Nairobi, na dakika 3 mkivuka mita 2,000, kama Nyahururu.

Naivasha na Nakuru zinanitia wasiwasi wa aina nyingine. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na ndiyo sababu utawaona wenyeji wengi wa huko wana meno yenye madoa ya kahawia. Klorini haiiondoi. Kuchemsha huizidisha, maana maji yanapungua na yenyewe inabaki. Nakuru kuna mitambo inayoichuja kwa mkaa wa mifupa, lakini ninyi ni wapita njia, kwa hiyo la busara ni kujaza tangi Nairobi, kutumia maji ya visima vya huko kwa kuoga na kuosha, na kutenga mitungi 3 ya lita 20 ya maji ya kunywa ya watoto, ambayo meno yao bado yanakua. Siku chache za maji yale haziwezi kumdhuru mtu mzima. Nasema haya kwa ajili ya watoto.

Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni zaidi ya kilomita 250, barabara ni ya lami sasa, na mtu anaweza kudhani ugumu umekwisha. Jazeni Isiolo mpaka juu. Kutoka hapo kila kisima mtakachokiona kina wenyewe: kina kamati, kina foleni, kina wanawake waliotoka na punda alfajiri. Lita 200 zenu ni mitungi 10, na mitungi 10 ni zamu ya familia mbili au tatu. Shukeni garini, salimieni, mtafuteni mwenyekiti wa kamati au mlinzi wa pampu, mlipe bei wanayolipa wenyeji na kuongeza kidogo, na mngoje zamu yenu nyuma ya mitungi iliyotangulia. Ikiwa pampu inasuasua, chukueni mitungi 2 na muende. Huko ndiko choo kikavu kitakapojilipa, maana hakuna ubinadamu katika kuvutia choo kwa maji ambayo mwenzako ametembea kilomita 10 kuyafuata.

Umeniuliza pia, kwa maana, mtamwomba nani. Hapa Nairobi, kambi za Karen na Lang'ata zimezoea wageni wa magari ya masafa marefu. Jungle Junction iliyoko Karen imekuwa kituo chao kwa miaka mingi, na ningekushauri uende hapo siku moja uone vile wasafiri wamefunga matangi na kaseti zao, kabla fundi hajaendelea. Karen nyumba na kambi nyingi hutegemea septiki, kwa hiyo swali la dawa litakuja, na jibu lako liwe tayari. Njiani, pigeni simu kambini siku moja kabla, na msiulize tu kama pana choo. Ulizeni: "Choo chenu kinaenda wapi, ni septiki, bayodaijesta au shimo, na je, mnaturuhusu kumwaga kaseti moja ya lita 20 isiyo na dawa ya kuua bakteria?" Nimeona wenye kambi waliokuwa wamekunja uso wakilegea waliposikia swali hilo, kwa sababu linawaonyesha kwamba mgeni anajua anachoomba. Kwenye vituo vya mafuta, mwombeni msimamizi, wala si kijana wa pampu, mwende saa ya watu wachache, na mkono mtupu haulambwi: mwachieni anayesafisha choo kitu mkononi mwake mwenyewe.

Taka nyingine sina mengi ya kusema juu yake. Rudini nazo mpaka mji wenye huduma ya kuzoa. Kumbukeni tu kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na hifadhi za taifa, kwa hiyo msipange kunywa maji ya chupa za dukani mkiingia Hell's Gate au Ziwa Nakuru. Mitungi yenu na chupa za chuma zitawatosha.

Mkirudi Kasarani, kaseti ya mwisho mimineni kwenye choo cha nyumbani kwenu, si yote kwa mkupuo bali lita 5 kwa 5, mkivuta baada ya kila awamu, maana bomba la ghorofa za kupanga ni jembamba na jirani wa chini ndiye atakayelipia haraka yenu. Kisha mwageni maji yote ya tangi safi, fungueni vali ya chini, achieni mifereji yote ya ndani wazi, na muegeshe basi pua ikiwa juu kidogo kwa siku mbili mpaka pakauke. Kaseti ziosheni, zipakeni mafuta ya silikoni kwenye mpira wa mlango wake, na mziweke kivulini bila vifuniko.